Kulungu mtaani, umeme unavuja: jinsi ya kuisumbua halmashauri ya mji wako Marekani mpaka ifanye kitu

Kama unakaa kwenye mji wa Marekani wenye miti mingi na nyasi mbele ya nyumba hii hali unaijua. Unatoka saa 12 asubuhi kuwasha gari unakuta kulungu wanne wamesimama bustanini wanakuangalia kama wewe ndo mgeni, alafu ukipita pale kwenye jengo la manispaa taa zinawaka ghorofa zote na hamna mtu ndani tangu jana jioni. Haya mambo mawili huwa yanaishia meza moja, ile ya madiwani, na mara nyingi yote yanaahirishwa. Nimekaa kwenye vikao vyao vya kutosha, vingine nilisinzia sitaficha, na nachoandika hapa ni namna ya kuingia usirudi mikono mitupu kama nilivorudi mimi mara ya kwanza.

Mara ya kwanza nilienda na picha za maua yangu yaliyoliwa. Nikapewa dakika 3, nikaongea kwa uchungu kabisa, wakaniambia asante, basi. Nyuma yangu akaja mama mmoja mtu mzima na karatasi moja tu, imeandikwa barabara ipi, mwezi upi, mizoga mingapi iliokotwa, na kikao hakijaisha akawa ameshapewa afisa wa kufatilia naye. Toka siku ile maua yangu siyataji tena.

Kitu cha kwanza kabla hujaandika hata barua, jua nani ana mamlaka juu ya nini, maana hapa ndo watu wengi wanapoteza mwaka mzima wakimgombeza mtu asiyehusika. Kulungu kisheria sio wa mji. Wanyamapori Marekani wako chini ya jimbo, kwa hiyo hata halmashauri ikipiga kura yote kwa pamoja leo usiku, haiwezi kuwagusa bila kibali cha idara ya wanyamapori ya jimbo. Ann Arbor kule Michigan waliliona hili vizuri, walianza kupunguza kulungu kwa bunduki Januari 2016, mwaka 2017 wakaongeza na kuwafunga kizazi majike kwenye mitaa ambayo kupiga risasi haiwezekani, alafu mwisho wa 2018 jimbo likapitisha sheria ya kusimamisha vibali vya kufunga kizazi, na nusu ya mpango wao ikawa imekufa hapo hapo. Kwa hiyo barua yako ya kwanza iende kwa diwani na nakala kwa ofisi ya wanyamapori ya jimbo, uulize swali moja tu: mji wetu unaruhusiwa kuomba kibali gani.

Upande wa umeme mtego ni mwingine. Majengo ya manispaa ni ya mji, sawa, lakini taa za barabarani sehemu nyingi nguzo na taa zenyewe ni mali ya kampuni ya umeme na mji unalipa bei isiyobadilika kwa kila taa kwa mwezi, iwake isiwake, iwe inakula umeme mwingi au kidogo. Sasa hapo ukisema "tuweke LED tuokoe hela" unaweza ukabadilisha taa zote na bili isishuke hata senti kama bei ya kila taa haijajadiliwa upya. Kwa hiyo uliza: taa ni zetu au ni zao? Zinapimwa kwa mita au zinalipiwa kwa idadi? Afisa akikosa jibu usimcheke, wengi hawajui kweli, mwambie arudi nalo kikao kijacho na liandikwe kwenye kumbukumbu.

Ukishajua nani ni nani, tafuta namba. Bili za umeme na gesi za mji ni taarifa za umma, unaziomba kwa maandishi, kila jimbo lina sheria yake ya kuomba taarifa na kwa kawaida hulazimiki kueleza unazitaka za nini. Omba miezi 24, usiombe 12, kwa sababu mwaka mmoja wa baridi kali unaweza kukudanganya. Omba jengo kwa jengo. Alafu mwambie diwani kuna programu ya bure ya EPA, shirika la serikali kuu la mazingira, inaitwa Portfolio Manager, mji unaingiza bili zake na ukubwa wa kila jengo, inatoa matumizi kwa kila futi ya mraba na kurekebisha kwa hali ya hewa, hapo ndo unagundua maktaba ndogo inakula kuliko ukumbi mkubwa na watu wanaanza kukuna vichwa. New York City waliifanya iwe lazima kwa majengo makubwa tangu 2009 kwa sheria waliyoiita Local Law 84, na hata mji wako mdogo unaweza kuanza na majengo yake wenyewe bila sheria yoyote.

Na usiishie kwenye majengo bana. Watu wanaangalia taa za ofisini kwa sababu zinaonekana, kumbe mlaji mkubwa amejificha. EPA wanasema mitambo ya maji safi na majitaka mara nyingi ndo inaongoza kwa matumizi ya nishati ya serikali za mitaa, kama asilimia 30 mpaka 40. Pampu zinazozunguka usiku na mchana, mashine za kupuliza hewa kwenye mabwawa ya majitaka ziko spidi moja mwaka mzima hata kama mzigo umepungua. Omba kwenda kutembelea mtambo, wale mafundi wa pale wanapenda sana mtu akija kuuliza kwa sababu hakuna anayewauliza kitu, na nakuhakikishia watakuonesha kwa kidole pampu ambayo wameomba ibadilishwe miaka na miaka. Ukitoka pale una hoja tayari, na imetoka kwa wafanyakazi wa mji wenyewe, madiwani hawawezi kusema umeiokota mtandaoni.

Namba za kulungu ni ngumu zaidi kidogo. "Niliona 14 jana" haihesabiki, wale 14 jirani yako naye kawaona na jirani yake pia, tayari ni 42. Polisi wana ripoti za ajali lakini ajali nyingi za kulungu haziripotiwi, mtu anaangalia bampa, anatukana, anaondoka. Wanaojua ukweli ni wale wa idara ya barabara wanaookota mizoga, wana orodha yao, omba hiyo kwa miaka mitatu au minne na uiweke kwenye ramani. Utaona wazi kabisa sehemu ambazo mizoga imerundikana, na mwezi wa 10 mpaka wa 12 grafu inapanda kwa sababu ndo msimu wao wa kupandana, dume linakimbia bila kuangalia kushoto wala kulia. Hili sio jambo dogo, Marekani nzima watu kama 200 hivi wanakufa kila mwaka kwenye ajali za kugonga wanyama na kulungu ndo anaongoza.

Ukitaka mji uhesabu kulungu wenyewe, wakati wake ni majira ya baridi majani yakiwa yamedondoka, kwa kamera ya joto kwenye ndege au droni. Njia nyingine ni kamera za kujiwasha porini, au kuhesabu kinyesi kwenye mistari iliyopimwa, kazi ya hovyo lakini inafanya kazi. Mimi kwa maoni yangu kuhesabu vichwa kusiwe ndo msingi wa hoja, maana watabishana nawe kama ni 300 au 380 mpaka bajeti ifungwe. Hoja yenye nguvu ni madhara, kwamba mizoga ni mingapi na miche mingapi ya miti imeliwa.

Na hapa kwenye miche ndo haya mambo mawili yanakutana, kitu ambacho mji wangu ulichelewa kukiona. Mipango mingi ya kupunguza matumizi ya nishati ina kipengele cha kupanda miti ya kivuli, mti mzuri upande wa magharibi wa nyumba unapunguza joto la jioni na kiyoyozi kinapumzika. Safi. Alafu mji unapanda miche mia kadhaa, kulungu wanakuja wanakula vichipukizi, na ile iliyopona dume linakuja mwezi wa 10 kusugua pembe kwenye gome mpaka mti unavuliwa nguo. Kwenye ripoti ya mwaka wataandika miti imepandwa, na hakuna atakayeandika mingapi iko hai. Kwa hiyo ukiona mpango wa miti kwenye ajenda simama uulize: bajeti ya waya wa kuzungushia kila mche iko wapi? Mche bila waya kwenye mji wa kulungu ni chakula umewapelekea. Uzio wa kuzuia kulungu kabisa asiruke unatakiwa futi 8, lakini kwa mche mmoja duara la waya la futi 4 au 5 linatosha kwa sababu hana nafasi ya kutua ndani.

Sasa uombe nini? Kwa umeme anza na vitu vya aibu, vile ambavyo diwani akivikataa anaonekana mjinga. Thamostati zipangwe zishuke usiku na wikendi. Mtu apite na kipimo cha hewa kuziba sehemu zinazovuja. Alafu ndo LED. Los Angeles walianza 2009 kubadilisha taa zao za barabarani kama 140,000 na umeme wa taa zile ukashuka kwa zaidi ya asilimia 60, kwa hiyo hiyo teknolojia haihitaji kuthibitishwa tena. Kinachohitaji macho ni rangi ya mwanga. Davis kule California waliweka LED kali mwaka 2014, wananchi wakalalamika kama wamewekewa taa za uwanja wa mpira dirishani, mji ukaingia gharama kuzibadilisha tena. Chama cha madaktari cha Marekani, AMA, kilishauri 2016 taa za barabarani zisizidi Kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unakuwa mweupe mkali). Andika hiyo namba kwenye barua, na uombe taa ziwe na kinga ya kuelekeza mwanga chini, la sivyo zitanunuliwa zile za bei rahisi na mtaa mzima utalala na mapazia meusi.

Hela watakwambia hamna. Jibu lake ninalolipenda ni mfuko unaojizungusha, Ann Arbor waliuanzisha 1998: mji unaweka kiasi kidogo kila mwaka, idara inakopa kuboresha jengo lake, alafu inarudisha asilimia 80 ya ile akiba iliyokadiriwa kwa miaka 5, hela inarudi inakopeshwa idara nyingine. Idara inabaki na asilimia 20 toka siku ya kwanza na baada ya miaka 5 yote ni yake, kwa hiyo wakuu wa idara wenyewe wanaanza kuleta maombi. Miji mingine inaingia mkataba na kampuni ambazo zinalipwa kutokana na akiba, ni nzuri ila soma kwa makini nani anapima hiyo akiba, maana kampuni ikijipima yenyewe akiba haikosekani. Na kuna kwenda kwa wapiga kura moja kwa moja. Hao hao Ann Arbor Novemba 2022 walipitisha kodi ya miaka 20 ya mambo ya hali ya hewa, na Novemba 2024 wakakubali kuanzisha shirika la umma la nishati endelevu, lakini huko wamefika baada ya miaka mingi, usianze hapo.

Kwa kulungu anza na marufuku ya kuwalisha. Haina gharama, na bila hiyo mengine yote ni kumwaga maji kwenye ungo. Jike aliyeshiba anazaa mapacha, na hata wale wadogo wa kike waliozaliwa mwaka huo huo chakula kikiwa kingi wanaweza kubeba mimba kabla hawajafikisha mwaka. Kuna jirani atakwambia anawaonea huruma kwenye baridi. Msikilize kwa heshima, usigombane naye, atakuwepo kwenye kikao na ana marafiki wengi. Mwambie tu kwamba kuwakusanya kwenye sahani moja kunasambaza magonjwa, hasa ule wa kukonda unaoshambulia ubongo wa kulungu, CWD, ambao hauna tiba wala chanjo.

Baada ya hapo unaingia kwenye vita yenyewe, kuua au kuzuia uzazi, na hapa mji utagawanyika, jiandae. Nitakwambia ninavoona mimi na wewe utaamua. Kuzuia uzazi kunafanya kazi sehemu ambayo kulungu wapya hawaingii kirahisi. Staten Island ya New York walianza 2016 kufunga mirija ya madume, wakafanyia zaidi ya 1,000, na idadi ikaanza kushuka taratibu, lakini kile ni kisiwa, japo wanaogelea kutoka New Jersey, ndio, wanaogelea vizuri sana. Na dume mmoja aliyerukwa anatosha kupanda majike kibao, kwa hiyo lazima uwapate karibu wote. Cayuga Heights, kijiji kidogo jimbo la New York, walifunga kizazi majike Desemba 2012 na kuendelea, walipata sehemu kubwa sana ya majike, lakini miaka michache baadaye wakalazimika kuongeza kuua kwa sababu wengine waliendelea kuingia kutoka nje. Jirani zao wa chuo kikuu cha Cornell walikuta kituko kingine, majike waliofungwa mirija waliendelea kutaka dume mwezi baada ya mwezi kwa kuwa hawashiki mimba, na ile harufu ikaita madume kutoka mbali, wakaishia na kulungu idadi karibu ile ile waliyoanza nayo. Gharama yake ni kama dola 1,000 na zaidi kwa kila jike. Chanjo za kuzuia mimba zipo, GonaCon imesajiliwa na EPA tangu 2009, shida ni kumkamata au kumfikia kila jike na baadae kurudia.

Kwa mji ulio wazi, wenye msitu pembeni na mto unaopita katikati, mimi naona kupunguza majike kwa kuua ndo kunakofanya kazi, iwe ni walenga shabaha wa mkataba usiku juu ya chambo au wawindaji wa upinde waliopimwa na kupangiwa maeneo kama wanavofanya kaunti ya Fairfax, Virginia. Hifadhi ya Rock Creek katikati ya Washington wanafanya tangu 2013 na nyama inapelekwa kwa wasio na chakula. Hilo la nyama liweke kwenye ombi lako mapema kabisa, wengi wanaopinga hasira inapungua wakisikia hakuna kinachotupwa. Kuwahamisha kulungu kwenda porini usipoteze muda, majimbo mengi yamekataza na wanaohamishwa wengi wanakufa.

Onyo moja, usiahidi kwamba kulungu wakipungua ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kupe, utaisha. Kila kikao kuna mtu anasema hivo na kila mara kuna mtu wa afya anasimama kumsahihisha na kambi nzima inaaibika. Kupe wakubwa kweli wanakunywa damu ya kulungu na kupandana juu yake, lakini bakteria wa ugonjwa wenyewe wanatunzwa zaidi na panya wa porini, na ili kupe wapungue kweli inabidi kulungu washuke chini sana, kuliko miji mingi inavyothubutu. Baki kwenye ajali na miti.

Kuhusu muda, hapa wengi wanafeli. Miji mingi mwaka wa fedha unaanza Julai 1, maana yake bajeti inapikwa kati ya mwezi wa 1 na wa 4, na ukienda kulia mwezi wa 6 umefika sahani zinaoshwa. Kupunguza kulungu kunafanyika baridi, Januari mpaka Machi, na kibali cha jimbo kina foleni, hivyo ombi liwe limeanza karibu mwaka mzima kabla. Usisubiri kikao cha kupiga kura, siku ile wameshaamua. Nenda kwenye kile kikao cha kazi ambacho hamna mtu, kile kinachofanyika jioni ya katikati ya wiki na viti vimejaa hewa, hapo diwani anauliza maswali kama binadamu. Dakika zako 3 zigawe hivi: dakika moja namba, nusu dakika mji mwingine uliofanya, nusu dakika ombi moja tu lenye tarehe, na zilizobaki kaa kimya wakuulize. Na usiende peke yako, pata hata watu watano, mmoja aongee wengine wasimame tu.

Wakikubali, kazi ndo inaanza, maana kulungu wakipunguzwa mwaka mmoja na kuachwa wanarudi ndani ya miaka miwili mitatu, na thamostati zilizopangwa kuna mtu atakuja kuzifuta akisikia baridi. Omba ripoti kila mwaka, mizoga, bili, miche hai. Na omba idhini ya kuweka kizuizi kimoja kwenye bustani ya mji, waya futi 8 kuzunguka kipande kama hatua 10 kwa 10, pembeni yake kipande cha ukubwa ule ule kisicho na waya, panda miche ya mwaloni idadi sawa pande zote, piga picha kila mwezi wa 5 ukiwa umesimama sehemu ile ile na rula imeegeshwa kwenye mche. Yetu iko mwaka wa tatu, ndani ya waya miche imenifika kiunoni, nje imebaki vijiti kama vya kiberiti, na ile picha ndo sasa hivi inafungua mjadala wa bajeti kila mwaka kabla hata sijasimama.